Koili Niliyoisuka Mwenyewe

Mashine haikukosea. Naanza na hilo, maana watu wanapenda sana kusingizia mashine, na mimi mwenyewe niliisingizia miezi mitano mizima. Mashine ilisema kweli tangu dakika ya kwanza. Mjinga alikuwa amekaa mbele yake, kavaa koti jeupe, kichwa kimemvimba kwa sifa, na mjinga huyo ndiye mimi.

Ninafanya kazi kwenye maabara ya mtu binafsi hapa Tanga mjini, upande wa Usagara. Ni nyumba ya ghorofa moja yenye kibao kikubwa kuliko kazi zinazofanyika ndani. Tunapima maji ya visima, mafuta ya kula, juisi na asali. Anayetaka kuuza bidhaa yake kwa mnunuzi mkubwa huja kwetu kutafuta karatasi yenye muhuri. Bila karatasi hiyo hata kama bidhaa yako imeshuka kutoka peponi, hakuna atakayeitazama.

Sasa asali. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake. Anaishi nje kidogo ya Maramba, kwenye shamba la machungwa aliloachiwa na marehemu mumewe, na katikati ya michungwa hiyo ana mizinga. Nimekua nikimwona akirina mwenyewe, kajifunga kanga mbili kichwani, moshi unamtoa machozi, na bado anawasemesha wale nyuki kama anawabembeleza watoto. Asali yake haijawahi kuingia chupa ya pombe. Wenzake sokoni wanaokota chupa zozote, wanasuuza, wanajaza. Yeye hapana. "Nitamjibu nini Mungu?" anasema. Anatafuta chupa za juisi, anazichemsha, anazianika juani siku nzima.

Na kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, kila nyumba ya ukoo wetu hupata chupa moja, imefungwa kwenye gazeti na kukazwa kwa kamba ya katani. Hatupigi simu kuuliza. Tunajua tu itafika, kwa kondakta, kwa jirani anayeshuka mjini, kwa yeyote. Kwangu mimi futari bila asali ya mama mkubwa haikuwa futari. Uji wenyewe ungenishangaa.

Mwaka huo alikuwa amekusanya akina mama wafugaji wa nyuki wa pale kijijini, wakawa kikundi, naye ndiye kiongozi wao. Akapatikana mnunuzi, anataka asali yao yote, msimu hata msimu, sharti lake moja tu: ipimwe. Wenzake wakauliza wapi. Mama mkubwa akawajibu, tena kwa sauti, maana alinisimulia mwenyewe kwenye simu huku anacheka: "Kwani kuna mahali pengine? Kwa mwanangu!"

Asali hiyo aliichuja yeye na mwenzake mmoja, rafiki yake wa tangu usichana, mama wa kimya aliyekuwa akinipa viazi vya kuchoma nikitoka shule. Wawili hao walikuwa wakichuja asali ya kikundi kizima kwenye ukumbi wa mama mkubwa. Akaja nayo mjini mwenyewe, chupa iko kwenye kikapu, kavaa baibui jipya. Nilimwamkia shikamoo mbele ya wafanyakazi wenzangu, akaitika marahaba, kisha akawageukia: "Huyu nimemlea mimi." Wakatabasamu. Bosi naye akatabasamu, ila tabasamu lake sikulipenda. Baadaye akaniambia, "Hiyo ya mama yako uipime kwa haki, eh? Tusije tukasikia maneno." Nikaapa kwa Mungu kwamba nitaipima kama ya mtu baki. Nilitaka hata kuwa mkali zaidi. Hapo ndipo kamba ya kwanza iliponifunga shingo.

Kamba ya pili ni mashine yenyewe, na hapa nivumiliwe kidogo.

Mwanga wa taa unatikisika kila upande, ovyo ovyo. Ukiupitisha kwenye kichujio maalumu, unabaki ukitikisika kwenye mstari mmoja tu. Mstari huo ukipita kwenye maji yenye sukari, unapinda. Sukari ya dukani, ya miwa, inaupinda kuelekea kulia. Asali safi ya maua inaupinda kushoto. Kwa hiyo aliyeichanganya asali na sukari anaumbuka bila kuulizwa swali. Zamani tulikuwa tunatazama kwa jicho: unazungusha kichujio cha pili polepole mpaka giza litimie, halafu unasoma umezungusha kiasi gani. Lakini jicho la binadamu halijui giza limetimia lini. Asubuhi linasema hapa, mchana limechoka linasema pale.

Mashine ya kisasa ina ujanja. Njiani mwa mwanga kuna kipande cha kioo kizito kilichozungushiwa waya wa shaba, ndiyo koili. Ukipitisha umeme unaogeuka-geuka kwenye waya huo, ule mstari wa mwanga nao unacheza, kushoto kulia, kushoto kulia, kidogo mno, mara nyingi mno kwa sekunde moja. Ni kama kutia ufunguo kwenye kufuli kuukuu: ukiusukuma tu haufungui, lakini ukiuchezesha huku na huku, mkono wenyewe unahisi katikati ni wapi. Mwanga ukichezeshwa namna hiyo, tofauti ambayo jicho lisingeiona hata kwa miwani mitatu, mashine inaiona.

Yetu ilikuja mtumba, na ule waya ulikuwa umeungua. Bosi alitaka tuitupe. Nikasema nipe wiki moja. Nikaenda kwa fundi wa kusuka mota, mzee mmoja mwenye vidole vyeusi, akanipa kiti na waya, nikakaa kuisuka koili mzunguko kwa mzunguko huku nahesabu kimoyomoyo. Siku ya pili akaniuliza kama ninataka kahawa, nikajibu ndiyo, hesabu ikapotea. Nikafumua yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini nilimaliza, nikairudisha maabara, nikaiwasha, nikatia maji matupu, na namba ikasoma sifuri, imetulia tuli. Wallahi nilitaka kulia. Wiki nzima nilitembea pale ofisini kana kwamba nimeugundua umeme wenyewe.

Kazi hiyo yote ilichukua zaidi ya wiki niliyoomba. Wakati huo chupa ya mama mkubwa ilikuwa wapi? Kwenye friji. Mhudumu wetu aliiona mezani, akaogopa sisimizi, akaiweka friji pamoja na dawa za maabara. Nia njema kabisa. Wiki tatu ikakaa huko kwenye baridi.

Nilipoitoa ilikuwa imeganda. Chini imejaa chenga nyeupe, juu maji maji ya rangi ya dhahabu. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, kaja na wageni wawili kuwaonyesha mashine iliyofufuka. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Loh! Sukari hii." Mmoja wa wageni akaguna.

Nyote mliozaliwa huku mnajua. Kwetu asali ikiganda, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza ilikuwa wapi. Bibi zetu waliamini hivyo, mama mkubwa mwenyewe anaamini hivyo, na ya kwake haikuwahi kuganda hata siku moja kwa sababu joto la kule haliiruhusu. Mimi nimesoma. Chuoni nilifundishwa wazi kwamba asali safi huganda kwenye baridi. Lakini elimu niliyoipata nikiwa na miaka ishirini na kitu iliondoka mara moja, ikabaki ile niliyonyonya. Nilitazama zile chenga, nikajisemea: mama, umefanya nini?

Nikachota kwa kijiko. Wapi? Chini, kwenye chenga, maana huko ndiko nilikokuwa ninamtafuta mwizi. Nikayeyusha kwenye maji palepale, nikachuja, nikajaza mrija wa kioo, nikauweka kwenye mashine huku wageni wananitazama. Namba ikatokea. Kulia.

Kisha ikaanza kusogea. Polepole sana, ila nikaiona: inapungua, inarudi, inaelekea kushoto. Dakika tano, imesogea. Dakika kumi, imesogea tena. Jicho la kawaida lisingeona kitu. Koili yangu ndiyo iliyoona, ule mchezo wa kushoto kulia niliousuka kwa mikono yangu ndio uliokuwa unaniita: ewe, tazama, kitu hiki bado hakijatulia, subiri!

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri koili inapata moto. Nilifikiri nimeisuka vibaya, na sasa aibu inanijia mbele ya wageni. Nikaandika haraka ile namba ya kwanza, kabla "koili haijachemka", nikazima mashine, nikageuka nikatabasamu. "Imechanganywa," nikasema. Bosi akanipiga begani, akawaambia wageni: "Mmeona? Hata kama ni mama yake!" Wageni wakanisifu kwa uadilifu wangu. Uadilifu! Nilitakiwa kutia maji matupu kwenye mashine, dakika moja tu, nione kama sifuri imehama. Sikutia. Niliogopa kuona kwamba aliyekosea ni mimi, nikaona heri awe yeye.

Karatasi ikaandikwa, muhuri ukagongwa, ikaenda kwa mnunuzi.

Mama mkubwa hakunipigia simu kunigombeza. Laiti angenitukana. Alinipigia akaniuliza jambo moja tu: "Una hakika, mwanangu?" Nikamjibu nina hakika, mama, mashine haidanganyi. Akasema, "Haya. Ahsante kwa kusema kweli." Akakata simu.

Kilichofuata nilikuja kukijua baadaye. Alichukua neno langu kama lilivyo. Kwa kuwa mikono yake aliijua haijatia sukari, na mwanawe kasoma na hawezi kukosea, amebaki nani? Akamwita yule rafiki yake. Akawaita na wanakikundi wote. Akaleta msahafu, akamwambia aape mbele yao. Mama wa watu akaapa, analia. Mama mkubwa akamwambia ni mwongo, na sasa kaongeza dhambi ya kiapo. Hawakusemezana tena. Mwezi haukuisha yule mama akafunga virago, akahamia Muheza kwa binti yake. Kikundi kikavunjika. Pale kijijini watoto wakaanza kumwita mama mkubwa Mama Kilo Moja, maana ndivyo sukari inavyonunuliwa dukani.

Nilikuja kujua ukweli siku ya Ijumaa, kwa bahati tu. Ililetwa asali ya milimani, ya kutoka huko kwenye baridi, nayo imeganda. Nikayeyusha, nikaweka mrija kwenye mashine, ikasoma kulia, ikaanza kusogea. "Koili hiyo," nikasonya. Adhana ikasikika, nikaondoka kwenda msikitini nikaiacha ikiwaka. Niliporudi namba ilikuwa imevuka sifuri, imeingia kushoto, na imetulia. Nikasimama pale na viatu mkononi. Kisha, baada ya miezi mitano, nikafanya lile la dakika moja. Nikatia maji matupu.

Sifuri. Imetulia tuli. Koili haikuwa na kosa lolote.

Nikakaa chini sakafuni. Yote yakarudi, ukurasa kwa ukurasa. Chenga za asali zikiyeyuka zinaanza kwa kuupinda mwanga kulia kwa nguvu, halafu saa zinavyokwenda zinalegea mpaka zifike mahali pake. Ndiyo maana tulifundishwa: pasha chupa moto kidogo, koroga yote mpaka iwe moja, yeyusha, iache ilale mpaka kesho, ndipo upime. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Chupa ya mama mkubwa bado ilikuwa nyuma kabisa kwenye friji, imebaki nusu. Nikaipasha, nikaikoroga, nikayeyusha, nikaiacha ilale. Kesho yake, Jumamosi, nikaja peke yangu nikapima. Kushoto. Nikapima tena. Kushoto. Asali safi ya michungwa, haina hata punje ya dukani.

Jumatatu nikaingia kwa bosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. "Unataka tuandike kwamba tulikosea?" Nikasema ndiyo. "Na wale wengine wote tuliowapa karatasi, nao waje?" "Mnunuzi ameshapata asali kwingine. Mama ameshasahau. Wewe una watoto wanasoma. Kaa, ufanye kazi." Na mimi nikakaa! Nikakaa nikafanya kazi siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima. Sina la kumlaumu yule bwana. Mlango alioufunga haukuwa na kufuli.

Jumapili nikaenda Maramba. Nilikuwa nimeandika karatasi yangu mwenyewe, kwa mkono, matokeo yote mawili na sababu, na sahihi yangu chini. Nilimkuta ukumbini anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitika. Nikamweleza yote, friji, chenga, kijiko, koili. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ilikuwa safi," akasema.

"Ilikuwa safi, mama. Nisamehe."

"Na wewe uliiona namba inatembea."

"Niliiona."

"Ukaogopa kuaibika."

Nikampa karatasi. Hajui kusoma vizuri, lakini aliigeuza, akaigeuza tena, anatafuta kitu.

"Muhuri uko wapi?"

Nikamwambia bosi kakataa.

Hapo ndipo akaweka ungo chini. "Ile ya kunivua nguo ilikuwa na muhuri," akasema. "Hii ya kunivisha umeiandika kwa kalamu ya mtoto." Halafu machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona akilia bila moshi. "Unajua nimemfanya nini mwenzangu? Nilimshikisha msahafu! Miaka yote tumekula sahani moja, nikamshikisha msahafu kwa ajili ya maneno yako. Nampigia simu sasa hivi, nimwambie nini? Kwamba mwanangu aliogopa wageni?"

Alimpigia, mbele yangu. Ikaita mpaka ikakata. Akampigia tena. Kisha akaniambia niwahi gari, jua linakwenda.

Ramadhani ilipokaribia, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp wakaanza kuweka picha, kama kawaida yao. Chupa ya dada, chupa ya mjomba, chupa ya shangazi wa Pongwe, zote zimefungwa gazeti na kamba ya katani. Nami nikaletewa mzigo wangu, na kondakta yuleyule, gazeti lilelile, kamba ileile. Nikafurahi, sitaficha. Nilisema alhamdulillahi, kanisamehe. Mke wangu akakata kamba. Ndani mlikuwa na sukari, kilo moja.

Hakukuwa na barua wala salamu. Nikampigia simu. Akapokea, akaitika shikamoo yangu, akauliza watoto wazima? Nikauliza, mama, mzigo huu ni wangu kweli? "Ni wako," akasema, tena kwa upole. "Si ndiyo uliyoipima ukasema ni ya kwangu?"

Huu ni mwaka wa tatu, na bado mizigo inakuja. Nyumba zote asali, yangu kilo moja. Mwaka huu nilichukua kijiko cha sukari hiyo nikaenda nacho kazini, nikayeyusha, nikapima. Sijui nilikuwa ninatafuta nini. Ilisoma kulia, na haikusogea. Nikakaa nayo saa nzima, namba palepale, mashine inacheza kushoto kulia, inatafuta, na haioni cha kusogeza. Sukari ya dukani ikiyeyuka imeyeyuka, haina cha kusubiri. Ile iliyotembea mbele ya macho yangu isingeweza kuwa hii.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu akauliza aitupe au awape majirani. Nikamwambia aitie kwenye uji. Adhana ya magharibi ilipolia nikashika kikombe, nikafuturu kwa sukari ya mama mkubwa, nikanywa mpaka nikamaliza.